Vicheko Dirishani

Nimelala katika vyumba vya kupanga vya miji mingi, na ninapokosa usingizi hurudi kwenye kile cha Kibuli. Kilikuwa nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyepigana Burma, katika vita vya Wazungu. Nilikuwa kijana kutoka Mombasa, nimekuja Kampala kuuza vipuri katika duka la mjini, na Kiswahili changu hakikunipatia marafiki. Miaka ile ya utawala wa kijeshi kilikuwa lugha ya wenye bunduki. Nikisema "habari za asubuhi" kwenye foleni ya sukari, mazungumzo yalikatika.

Mzee naye alikuwa na Kiswahili cha kambini, na mgongo ulionyooka kama bado yuko gwarideni. Hayo yalitosha majirani wamwogope. Zamani majirani walijaa sebuleni kwake kutazama televisheni. Nilipofika mimi, viti vilibaki na vitambaa vyake vya kufuma, hakuna anayevikalia.

Kila Alhamisi jioni aliniita nimfasirie Kiingereza. Palikuwa na mchezo wa kuchekesha wa Wazungu, juu ya askari watatu walioko vitani. Ulipokwisha ukazaa mwingine: wale wale watatu wamerudi kwao, vita vimekwisha, wanahangaika na kazi na wake zao. Ule wa kwanza mzee aliudharau. "Vita gani hiyo, watu nakula mara tatu?" Huu wa pili aliutazama ameinama mbele, mikono magotini.

Askari mmoja alishindwa kulala kitandani. Mkewe akiamka humkuta sakafuni, amejifunika koti, na vicheko hulipuka.

"Hao nacheka ni nani?" mzee aliniuliza. "Jirani yake?"

Nilimweleza kuwa ni sauti zilizotiwa na watengenezaji, ili mtazamaji ajue pa kucheka. Hakunikubalia.

"Hapana. Ni jirani. Wako kalibu, hapo dirishani. Huyu mutu ana bahati. Analala chini, na jirani nakuja kumucheka."

Wiki iliyofuata alisogeza televisheni dirishani, akafungua vioo. Kila vicheko vilipoanza, aliongeza sauti.

"Wacha wasikie nyumba iko na watu," alisema.

Walisikia. Kabla kipindi hakijafika nusu, mama wa nyumba ya pili, muuza mkaa, alisimama mlangoni na viganja vyake vyeusi.

"Banange, Muzee! Punguza hiyo kitu! Watu wengi hivi nacheka, wale wa bunduki wakipita watasema uko na mukutano. Unataka watuchukue sisi wote?"

Mzee alizima sauti kabisa. "Kalibu, mama. Kaa."

Hakukaa. Hakuondoka pia. Kwenye kioo cha televisheni yule askari alikuwa anatandika koti lake kando ya kitanda.

"Huyo mbona analala chini na kitanda iko?"

Nilifungua kinywa nieleze, mzee akaniwahi. "Kitanda ni laini sana. Ukilala, unasikia kama unaanguka."

Mama alimgeukia. "Na wewe, Muzee?"

"Tangu nitoke Burma."

"Ee. Na mimi, tangu wachukue bwana yangu. Ile kitanda ni kubwa."

Wakacheka, wote wawili, kwa sauti ndogo. Nami nilicheka, nikiwa nimechelewa. Kisha giza likaanza kuingia, mama akakaza leso kiunoni akaenda zake upesi, akiangalia barabara.

Alhamisi iliyofuata mzee aliirudisha televisheni ukutani. Alivuta kiti kimoja hadi karibu na mlango, akakiondoa kitambaa, mlango akauacha nusu wazi. Tulitazama bila sauti. Nilimweleza nilichokisia kutoka kwenye midomo ya wale watu. Askari wetu alipoteremka kitandani na mto wake, nilimgusa mzee mkononi ili ajue kwamba sasa ndipo wanapocheka.

Alikuwa anatazama mlango.