Giaboksi ya Mzee Lomulen

Cheka kwanza umalize, halafu unisikilize. Mimi si mlevi, na kanisani kwetu Lodwar naimba sauti ya pili. Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua la saa saba likichoma hadi mbuzi wamenyamaza. Nani alikwambia marehemu hutembea usiku tu?

Nauza samaki wakavu. Nawatoa ziwani, nawapitisha Lodwar, nawapeleka Kakuma, maana Wakongo wa kambi ya wakimbizi wanajua samaki kama sisi Waturkana tunavyojua mbuzi. Gari langu ni pikapu nyeupe iliyonizidi umri. Mlango wa abiria haufunguki kwa ndani. Kila anayeshuka lazima nizunguke nimfungulie kama waziri.

Safari hiyo giaboksi ilikuwa inalia. Gia ya tatu ikawa inaruka yenyewe, ya pili ikagoma, nikaingia Kakuma kwa gia ya kwanza peke yake, punda wananipita. Fundi wangu pale ni Inosenti, Mkongo mpole anayeongea na magari kama daktari wa watoto. Aliingia chini ya pikapu, akagonga hapa na pale, akatoka anajifuta mikono.

"Mama," akasema, "hii giaboksi ilishakufa. Hata pasta hawezi kuiamusha."

Spea za gari la zamani vile hazipo dukani. Lakini Inosenti alikumbuka pikapu nyingine, pacha wa yangu kabisa, iliyokuwa kwa mjane mmoja nje kidogo ya mji. Ile ilikufa injini. Giaboksi yake nzima.

Tulimkuta mjane mwenyewe, Mama Akiru, anafagia. Pikapu imesimama chini ya mgunga, kuku anataga kwenye kiti cha dereva. Mumewe, mzee Lomulen, aliiendesha hadi wiki aliyofariki.

"Aliipenda kuliko mimi," Mama Akiru akasema, bila uchungu wowote. "Chukueni hiyo giaboksi, mniletee samaki. Lakini hiyo yenu muiweke humu. Mzee asije akakuta gari lake lina shimo tumboni."

Nilimkonyeza Inosenti. Asije akakuta? Basi tukafanya alivyotaka. Siku mbili tulilala mgongo mchangani, tukashusha hii, tukapandisha ile, na kwenye pikapu ya marehemu tukafunga ule mzoga wetu. Nilipojaribu yangu, gia ziliingia laini kama kisu kwenye samli. Niliimba hadi kwenye lami.

Kesho yake nikaanza safari ya kurudi Lodwar, peke yangu, vikapu vitupu. Katikati ya njia, mahali hakuna nyumba wala kivuli, nikaona mzee amesimama. Shuka begani, kofia ya unyoya, mkononi fimbo na kile kigoda wazee wetu wanachokalia. Ungemwacha juani? Nikasimama, nikazunguka, nikamfungulia.

"Ejok, mzee," nikamsalimu.

Akapanda, akakaa. Alikuwa anaangalia mkono wa gia.

Nikaondoa gari. Hatujaenda mbali, akasema, "Mwanangu, hiyo ni klachi, si nyoka. Mbona unaikanyaga hivyo?"

Nikalegeza mguu kwa heshima. Nikaweka gia ya tatu.

"Mapema! Sikiliza injini kwanza. Una masikio ya nini, ya kuvalia vipuli?"

Niamini, nimeendesha gari miaka kumi na miwili, na mzee huyu alinisema hadi nikasahau kulia ni wapi. Mwisho nikamuuliza, kwa adabu tu, kama naye amewahi kuendesha.

"Niliendesha hii," akasema, akigonga mkono wa gia kwa kidole. "Na wewe umeniachia takataka. Gia ya tatu inaruka! Ya pili haipo! Mimi nitasafiri na nini?"

Hapo nikamjua. Nilitaka kuruka nje, lakini ungeruka uende wapi, jangwani, na yeye abaki na gari? Nikashika usukani, nikaanza kuimba wimbo wa kanisani. Sauti ya pili. Ya kwanza haikutoka.

Mbele kidogo daraja lilikuwa linatengenezwa, kwa hiyo magari yalipitia chini kwenye laga, ule mto wetu wa mchanga unaokaa mkavu miezi na miezi. Nikateremka. Tairi za mbele zilipogusa mchanga, mzee akasema, "Rivasi."

"Mzee, mbona..."

"RIVASI!"

Na mkono wa gia ukaenda wenyewe. Sikuushika, naye hakuushika. Mikono yake ilikuwa kwenye fimbo. Pikapu ikarudi nyuma kwa kishindo, ikapanda ukingo, ikazima. Kabla sijatukana, nikasikia ngurumo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yakapita pale nilipokuwa, yamebeba miti mizima na mbuzi mmoja aliyekufa. Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Juu yetu hakukuwa na wingu hata moja.

Nikageuka kumshukuru. Kiti kitupu. Mlango umefungwa, ule ule usiofunguka kwa ndani.

Niligeuza gari, nikarudi moja kwa moja kwa Mama Akiru. Hakushtuka. Aliuliza tu, "Alikusema?"

"Alinisema sana."

"Ndiye huyo." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa leso. Akaniongoza hadi chini ya mgunga. Giaboksi yetu mbovu ilikuwa imeshushwa, imefunguliwa, gia zake zote zimepangwa juu ya ngozi ya mbuzi, moja moja, zimesafishwa. "Nimeamka nikazikuta hivi. Mimi spana sijui kushika. Na kuku hajui."

Nilimleta Inosenti. Alipiga ishara ya msalaba, akauliza mara tatu kama tuna uhakika, halafu akatafuta meno mapya na beringi, akaijenga upya giaboksi nzima, akaifunga kwenye pikapu isiyo na injini. Alikataa kabisa kukaa chini yake baada ya saa kumi.

Tangu hapo mzee sijamwona. Lakini nikikosea gia, nasikia mtu anafyonza kando yangu: "Mts!" Kaka yangu aliazima gari, akarudi amekwama gia ya pili kutoka Lokichar, hakupata ya tatu hadi alipoomba msamaha, kwa sauti, mbele ya watu wa petroli. Na Mama Akiru anasema asubuhi nyingine kiti cha dereva kinakuwa na joto, na kuku amehama.

Kwa hiyo nawe, ukibadilishana spea na marehemu, mwachie kitu kizima. Na kabla hujafunga boliti ya kwanza, waulize waliobaki alikuwa mtu wa namna gani. Mimi nilichukua giaboksi, nikapata mkali mwenye huruma. Wewe unaweza kuchukua breki za mtu ambaye maisha yake yote hakupenda kusimama.