Karatasi ya Stergios

Evanthia wa Volos, Ugiriki, hakuwa mtu wa kuamini hovyo. Miaka thelathini na mitano alikuwa msoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, kazi yake kutafuta kosa pale wenzake walipoona ukurasa safi, na kazi ile ikamwingia mwilini. Samaki sokoni lazima amfunue mashavu. Dawa ya daktari aliiulizia kwa mfamasia, kisha kwa mfamasia wa pili. Hata mdogo wake, Stergios, fundi mstaafu wa reli, mtu mpole asiye na makuu, alimtazama kwa jicho la pembeni.

Hasa tangu shangazi yao afariki. Bibi yule aliwaachia hatifungani mbili za serikali, yaani karatasi za pesa alizoikopesha, kila moja ya yuro elfu arobaini. Stergios alimwambia dada yake achague kwanza.

"Chukua hii iliyotolewa London, dada. Riba yake imezidi kidogo."

Evanthia akajiuliza: anayenisukumia kizuri, kibaya kakificha wapi? Akachukua ile nyingine, ya Athens.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2012, serikali ikaishiwa. Bunge likapitisha sheria iliyochomeka kifungu kipya katika hatifungani zote zilizotolewa chini ya sheria ya nchi: wengi wakikubali kukatwa, wote wamekatwa. Hao wengi walikuwa mabenki. Siku chache tu zikapita, na zaidi ya nusu ya pesa za Evanthia ikafyekwa. Kilichobaki kikageuzwa karatasi mpya, ya mwisho ikilipwa yeye atakapotimiza miaka tisini na minane. Hakuna aliyembishia hodi kumuuliza.

Kisha akasikia kwamba karatasi za London hazijaguswa. Moyo ukamwambia: Stergios alijua.

Akavaa koti, akaenda kwake kugombana. Alimkuta mezani jikoni, kalamu mkononi, barua mbele yake.

"Unaandika nini?"

"Natia sahihi, dada. Serikali inaomba nami nikubali kukatwa kama nyinyi. Binti wa benki kanipigia mara tatu. Anasema nisipokubali nitakosa vyote."

"Weka kalamu chini."

"Lakini..."

"Weka chini, nimesema!"

Akavaa miwani, akaisoma barua mara mbili, mpaka yale maandishi madogo ya chini ya ukurasa ambayo mkono wa Stergios ulikuwa umeyafunika. Ugomvi aliokuja nao ukamtoka kichwani.

"Mimi nani aliniomba?" akauliza.

"Hakuna."

"Mimi walinichukulia tu. Sasa wewe wanakubembeleza kwa nini? Mwenye uwezo wa kuchukua hapigi simu mara tatu, Stergios. Leta hatifungani yenyewe."

Kwenye ukurasa wa nane akaona alichokuwa akikitafuta: mkataba huu unatawaliwa na sheria ya Uingereza.

"Bunge letu linageuza sheria zetu," akasema taratibu. "Za Waingereza litazigeuzaje? Hapa lazima wenye karatasi hii wenyewe wapige kura. Nawe utapiga ya hapana."

Kesho yake wakaenda benki pamoja. Binti wa dirishani alimkaribisha Stergios kwa tabasamu, alipomwona dada mtu likamkauka.

"Mzee wangu, unajitafutia balaa. Waziri amesema wanaokataa hawatalipwa."

"Amesema au ameandika?" Evanthia akadakia.

"Amesema, mama. Kwenye televisheni."

"Basi naye aje na karatasi yenye sahihi yake, tuisome."

Kura ikapigwa. Waliokataa wakatosha, karatasi ya London ikabaki ilivyo. Lakini kulipwa ni jambo jingine. Uchaguzi ukafanyika, serikali mpya haikupatikana, na siku ya malipo ikakaribia nchi haina msemaji. Stergios akaacha hata kula pweza aliyempenda.

"Umeniponza, dada. Ningetia sahihi ningepata nusu."

"Huenda," akajibu, kwa maana hakuwa na uhakika hata kidogo.

Katikati ya mwezi wa tano pesa ziliingia. Zote, bila kupungua hata senti.

Stergios alikuja jioni ile na bahasha yenye yuro elfu kumi. Evanthia hakuigusa.

"Kwanza nionyeshe karatasi ya benki."

Akaitoa mfukoni bila kukasirika, alimfahamu. Evanthia akaisoma, kisha akamkazia macho.

"Siku ile ya urithi. Ulijua?"

"Nilijua riba, dada. Ndiyo maana nilikwambia uchukue wewe. Ukaninunia wiki nzima."

Evanthia alimchunguza uso kama alivyokuwa akichunguza kurasa, mstari kwa mstari, na safari hii hakuona kosa. Aibu ikampanda. Hakuomba radhi, hakuwahi kujifunza, aliipokea bahasha, akasema, "Kaa ule."

Baadaye aliungana na wastaafu wengine kuishtaki serikali kwa pesa walizokatwa. Miaka miwili wakangoja, majaji wakaamua kwamba bunge lilikuwa na haki ya kufanya lililofanya. Evanthia aliisoma hukumu hadi mwisho, akiwa na penseli nyekundu. Alikuta makosa manne ya herufi, akayasahihisha, kisha akaifungia kabatini pamoja na karatasi zake za miaka tisini na minane.