Ziro Wawili wa Marafa

Mazin hushona viti vya tuktuk. Banda lake liko Shella ya Malindi, mbele ya nyumba yake, na ndani ya nyumba, juu ya meza ya kulia, ilikaa kompyuta ya marehemu mkewe, Sumeiya. Feni yake ilivuma mchana kutwa. Mazin hakujua kuitumia. Alijua kuipangusa vumbi.

Sumeiya aliandikisha watu wa kujitolea kutoa damu, kuanzia mjini hadi Marafa. Majina yote yalikuwa kwenye faili moja ndani ya kompyuta ile, na tovuti ya chama chao cha watoa damu ikichota humo. Mtu akitaka damu, huandika kundi lake, akaletewa majina na simu. Ila watu wawili wakiifungua kwa pamoja, ilikwama. Hapo Sumeiya huinuka jikoni, mikono ina unga, akaizima na kuiwasha tena.

Alipofariki, ikawa ikikwama haina mwenyewe. Chama kikamleta Joram, kijana wa bara aliyekulia Malindi, ayahamishe majina kwenye hifadhidata ya SQL, inayokaa kwenye seva mbali huko, watu mia wakiifungua pamoja haishtuki. Joram alikaa mezani pale siku kadhaa. Alikuta faili limejaa marudio, mtu mmoja kaandikwa mara mbili kwa sababu lilikwama katikati. Akaweka kanuni: jina moja na kijiji kimoja ni mtu mmoja, abaki wa kwanza. Kazi ikaisha. Akamwambia Mazin kompyuta sasa aizime, inakula umeme bure. Mazin akaitikia. Hakuizima.

Wiki haikupita, Nduku, mwalimu wa chekechea, akajifungua, damu ikawa haikatiki. Kundi lake ni O hasi, lile adimu, na hospitali haikuwa nalo. Joram alikuwa bandani kwa Mazin simu ilipoingia. Akafungua tovuti mpya. Haikukwama. Ikasema kundi hilo halina mtu.

Mazin akaiweka sindano chini. Akasema yuko Ziro wa Marafa, Sumeiya alikuwa akimpigia kila Idi kumsalimia, asije akapotea. Joram akatafuta. Ziro Kaingu alikuwa mmoja tu, na kundi lake A. Akapiga hivyo hivyo.

"Shikamoo mzee. Ndiwe Ziro Kaingu?"

"Marahaba. Ndimi. Nani kafa?"

Joram akamweleza. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi mkininyonya mtapata upepo, mwanangu. Bi Sumeiya aliniandika nisinune tu. Nyinyi mwamtaka somo yangu, mjukuu."

Ukoo ule mjukuu hupewa jina la babu. Ziro alimzaa Kaingu, Kaingu akamzaa Ziro, na baba wa mzee naye alikuwa Kaingu. Babu na mjukuu, jina moja, kijiji kimoja. Joram akauliza nambari ya huyo kijana. Mzee akasema haijui. Kijana ndiye hupiga, yeye hubonyeza cha kijani, na nyumbani pale hapakuwa na mtu wa kumsomea.

Joram akakata simu.

"Nimemfuta mimi," akasema. "Na nakala niliyokuwa nayo nimeifuta. Ile ya ndani ulishaizima, Mzee."

"Bado."

Wakaingia. Feni ilikuwa ikivuma. Faili likafunguka, na Ziro walikuwa wawili, mmoja chini ya mwenzake.

Kijana alikuwa Watamu, kwenye ujenzi. Alikuja kwa bodaboda, saruji bado iko miguuni, akaenda moja kwa moja hospitali. Nduku alipona. Mtoto pia.

Kesho yake Joram akawarudisha wote aliowatoa, kila mmoja na nambari yake ya utambulisho peke yake, jina lisimeze jina. Walioonekana wamerudiwa akawapigia kwanza, mmoja mmoja, ameketi kwenye kiti cha tuktuk ambacho hakijamalizwa. Mzee wa Marafa akamwuliza tena nani kafa.

Alipomaliza hakutaja umeme. Mazin ndiye aliyemwuliza kitufe cha kuizima ni kipi. Joram akamwonyesha, akatoka nje.

Mazin akakibonyeza. Feni ikazunguka kidogo, ikasimama. Saa ya ukutani ikasikika. Siku zote hizo hakujua kuwa bado yatembea.