Mfuko wa Kushoto wa Wakhisi

Ilitangazwa mwaka 1972, kwa barua yenye mihuri miwili, ya kwamba kuanzia siku ya kwanza ya Machi mtu asiye na cheti hataruhusiwa kufungua mashine ya kuchomelea chuma katika karakana yoyote ya ufuoni. Na ya kwamba kila mashine itapimwa ikifanya kazi, na mkaguzi aliyehitimu, ili maisha ya wafanyakazi yalindwe. Katika karakana ya mashua ya Bwana Mbarak, Kisumu, barua hiyo ilibandikwa juu kidogo ya ndoo ya grisi.

Wakhisi aliisoma mara mbili, akaenda kunawa mikono. Alikuwa ameitunza mashine ya pale miaka kumi na mmoja, na cheti alichokuwa nacho ni cha ubatizo. Bwana Mbarak alimwambia wazi: mkaguzi asipomwandikia kwamba anaijua kazi, atahamia kukwangua kutu. Kutu ilikuwa ya watu walioshindwa na kila kitu kingine.

Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kufungua mfuniko alizima swichi kuu ukutani, akang'oa fyuzi zote mbili, nyeupe, za kauri, akazitia katika mfuko wa kushoto wa suruali. Hakuziacha mezani wala hakumshikisha mtu.

"Fundi, unataga lini?" Obiero, mchomeleaji, alimuuliza kila alipoona mfuko umefura.

Wakhisi aliinamia mfuniko. Swichi yaweza kuwashwa na mjinga yeyote, na karakana haikuwa na upungufu wao.

Wiki ile aliazima mita ya kubana waya, ya kupimia umeme, akamwambia Obiero achomelee huku yeye akisoma. Mshale wa mashine, unaoonyesha nguvu ya umeme, ulikuwa unadanganya: ukionyesha ampea mia na ishirini, zinatoka mia na hamsini. Ndiyo sababu mabati membamba yalikuwa yakitoboka. Ijumaa ya ukaguzi, saa mbili asubuhi, aling'oa fyuzi, akapuliza vumbi, akakaza waya wa ardhini uliokuwa unacheza, kisha akaacha mfuniko wazi ili mkaguzi aione skrubu ya mshale iliyolegea.

Mkaguzi, Zadock Ogola, alifika saa nne na tai ya kijani. Alikuwa amesoma ng'ambo miezi saba, na tangu arudi hakuwa amezungumzia kingine. Alisimama hatua nne kutoka kwenye mashine, kama mtu aliyeletewa ng'ombe wa mahari akaogopa kwato.

"Mzee, nani amefungua hii?"

"Ni mimi, Bwana. Hii mshale inadanganya. Ona kwanza, halafu nirudishe fyuzi..."

"Cheti iko?"

"Hakuna."

"Basi funga mdomo, na ufunge hiyo kitu. Hii mashine ilitoka Uingereza. Mshale ya Uingereza haidanganyi."

"Mwingereza alienda kwao, Bwana. Skrubu ndiyo ilibaki."

Obiero alikohoa ndani ya kofia yake.

Wakhisi akafunga mfuniko, skrubu zote sita. Zadock akasogea, akazungusha mkono wa mashine kwa vidole viwili alivyovifunika kwa leso. Mshale, ambao huvutwa na mkono huo na hauhitaji umeme hata kidogo, ukapanda hadi mia na ishirini. Akaandika. Nyumba ya pili, kinu cha posho kilikuwa kinasaga.

"Sikia vile inanguruma," akamwambia Bwana Mbarak. "Mashine nzima unaisikia kwa miguu."

"Naisikia," akasema Bwana Mbarak, ambaye alikuwa amekisikia kinu hicho kila siku tangu 1959.

Wakhisi alimtazama mmoja, akamtazama na wa pili. Alikuwa ameambiwa na mwenye cheti afunge mdomo. Aliufunga.

Kumhusu yeye, mkaguzi aliandika: mtu wa mazoea, asikaribie umeme. Kufika saa nane Wakhisi alikuwa amepiga magoti ndani ya mashua ya watu wa Asembo Bay, brashi ya waya mkononi.

Cheti cha mashine kilitundikwa siku hiyohiyo, kwenye kioo. Kinasema mashine ilipimwa ikifanya kazi, nusu saa mfululizo, kwa ampea mia na ishirini, na haikuonyesha hitilafu yoyote.

Jumatatu Obiero alikuja akaegemea ukingo wa mashua.

"Mzee Wakhisi, fundi mpya, yule wa cheti, anauliza kama uliona fyuzi."

Wakhisi aliweka brashi chini. Suruali ilikuwa ileile ya Ijumaa.