Utani wa fundi cherehani uliomkimbiza kijana

Saa moja asubuhi. Fundi anayejulikana kwa jina la Mama Zipu anatia mafuta cherehani yake kwenye baraza la duka la rangi, anaijaribu kwa kitambaa chakavu. Kabla hajakaa vizuri, mwanamke anafika na gauni lililofumuka kwapani.

"Mteja wangu, karibu," anasema taratibu, kila herufi mahali pake.

Zamani hakusema hivyo. Kwa miaka kumi na moja aliwaita wote "teja wangu", na baraza zima likacheka. Jina hilo la mtaani la mtumiaji wa dawa za kulevya lilikuwa utani wake wa kuvutia watu.

"Wahenga walisema mdomo huponza kichwa," anasema. "Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu."

Mwaka juzi, mfanya usafi wa hospitali alifika na mwanawe wa miaka ishirini na miwili, aliyebeba mfuko wa suruali za kupunguzwa kiuno. Mama Zipu akapaza sauti: "Teja wangu, njoo nikupime!"

Kijana akatupa mfuko mezani, akaondoka mbio.

"Nani kakwambia?" mama yake akauliza.

"Kaniambia nini, dada?"

"Kwamba mwanangu alikuwa anavuta! Ana miezi minne ameacha. Leo ndiyo mara ya kwanza kakubali kutoka nyumbani!"

Mama Zipu anakumbuka: "Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Kijana hakurudi nyumbani. Mama Zipu alifunga kazi, akazunguka na yule mama siku tatu wakimtafuta: stendi, magofu, hata chumba cha maiti. "Ule mlango nilishindwa kuugusa. Aliingia mama mtu peke yake. Mimi nilibaki nje, nalia kama mtoto."

Siku ya tatu walimkuta kwenye benchi la kliniki anakonywea dawa ya kuacha uraibu, ambako siku mbili walipishana naye. Hakuwa amerudia kuvuta. Alikuwa akilala kwa mlinzi wa hapo, anaogopa mtaa.

Mama Zipu akapiga magoti. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua."

"Mama, wauzaji wa dawa walituita wateja," kijana akamjibu. "Tulipokwisha pesa na miili, wakatuita mateja. Mteja akawa teja; ile 'm' ya mtu ikatoka, tukawa vitu, kama makopo."

Muuguzi aliyesimama karibu akasema bibi yake alilitumia neno mteja kwa mgonjwa aliyejiweka mikononi mwa mganga. "Hata hapa, hawa wote ni wateja wetu."

"Nilishtuka upya," anakumbuka Mama Zipu. "Muuza sumu, mganga, na mimi mwenye uzi, kumbe sote tuna neno moja!"

Mwezi uliopita kijana alileta suruali zilezile, ambazo fundi alikuwa amezipunguza baadaye. Amenenepa, anataka ziongezwe kiuno. Bado hamchangamkii fundi wake. "Ana haki," anasema Mama Zipu.

Hushona nguo kumi na tano kwa siku, na sasa anaweka akiba apange kijichumba nyuma ya duka.

"Sitaki makubwa. Pazia tu. Mtu aje apimwe bila barabara nzima kumtazama, na mimi nimsemeshe kwa sauti ya chini."