Kiingereza cha Pembeni ya Karai

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita, na masomo yangu yaliishia hapo. Wadogo zangu wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, waliendelea na shule. Mimi nikashika karai. Kila asubuhi nilikaanga mandazi mbele ya nyumba yetu huku Songo na kuwauzia watu wanaoteremka kwenda sokoni. Wadogo zangu waliniita yaya, kama mkubwa wa nyumba anavyoitwa kwetu, awe mwanamke au mwanamume. Ukiitwa yaya na wazazi hawapo, wewe ndiye unayesikiliza masomo pia.

Hesabu na Kifaransa tulivisukuma. Kiingereza kilipoanza, mdogo wangu wa kike akiwa sekondari, sikuwa nimewahi kukisoma hata siku moja, lakini sikuona hilo kama kizuizi. Herufi zilikuwa zilezile ninazozijua. Nilisimamisha kitabu chake kwenye kopo la sukari, nikasoma neno kwa sauti, naye akaliandika kwa kidole kwenye unga uliotandazwa juu ya ubao wa kusukumia. Akikosea, nilifuta kwa kiganja na kuongeza unga.

Nilisoma kila herufi niliyoiona. Kisu chao nilikiita ki-ni-fe. Jumatano ikawa we-dne-sda-i. Rafiki akawa fri-e-ndi, na kisiwa isi-la-ndi. Mdogo wangu aliyarudia hivyohivyo na kuyaandika bila kosa, kwa sababu kwenye kinywa changu hakuna herufi iliyojificha. Wenzake shuleni waliandika anwani kwa d moja kama Wafaransa. Yeye alinisikia nikigonga zote mbili, a-d-dre-ssi, akaziweka zote mbili. Wenzake walichanganya quiet na quite hadi mwalimu akakata tamaa. Jikoni kwetu moja ni kwi-e-ti na jingine ni kwi-te, na mtu angelazimika kuwa amelala ili ayachanganye. Their na there, lose na loose, yote yalipita hapo mbele ya mafuta ya moto yakatoka yameiva.

Mdogo wetu wa kiume, ambaye sasa anaendesha pikipiki ya abiria, alipenda kuegemea mlango na kunichokoza. Aliwahi kuniambia kwamba Kiingereza changu na cha Waingereza havijawahi kusalimiana. Nilimwambia ale andazi lake aende zake. Kwa kweli hata mimi nilikuwa nimewasikia watu wa maofisini, wanaponunua mandazi, wakizungumza Kiingereza kwenye simu. Maneno yao yalikuwa mafupi mno. Nikadhani wana haraka.

Mdogo wangu wa kike alimaliza sekondari kwa alama nzuri, kisha akakaa nyumbani muda mrefu bila kazi. Aliomba huku na kule, akarudi na viatu vyenye vumbi. Halafu tukasikia kwamba shule moja ya msingi ng'ambo ya mto inatafuta mwalimu wa Kiingereza. Anayetaka kazi ataandika imla, kisha atafundisha somo fupi mbele ya direkta, mkuu wa shule. Hiyo ndiyo kazi aliyoitaka kuliko zote, na mwaka huo hapakuwa na nyingine iliyoonekana kokote.

Nilimsindikiza. Kwetu mtoto haendi kujitambulisha mahali pa maana akiwa peke yake kama aliyeokotwa. Mzazi huenda naye, na mzazi nilikuwa mimi. Nilivaa kitenge changu cha kanisani. Direkta, mtu mzima mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinipa nafasi kwenye dawati la nyuma kabisa, ambapo magoti yangu yaligusana na kidevu. Imla ilikwisha haraka. Direkta aliisahihisha papo hapo, akaigeuza nyuma na mbele akitafuta pa kuweka wino mwekundu, kisha akatikisa kichwa kwa furaha. Nilikaa kama malkia.

Likaja somo. Mdogo wangu aliandika ubaoni neno la Jumatano, akawageukia watoto wa darasa la nne, akafungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, macho yake yalipita juu ya vichwa vyao yakanifikia mimi huko nyuma. Nayajua macho hayo. Ndivyo anavyonitazama akitaka ruhusa ya kupakua chakula chunguni kabla yangu. Kisha akasema, kwa sauti safi ya kusikika hadi barabarani:

"We-dne-sda-i."

Watoto walilipokea kwa nguvu zote. Akaandika kisu, akanitazama, akawapa ki-ni-fe. Wakaipiga kelele hiyo pia, kwa furaha iliyoonyesha kwamba hawajawahi kupewa Kiingereza kitamu namna hiyo. Direkta alivua miwani.

"Mamzeli," alisema, "hiyo Kiingereza iko ya wapi?"

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Chaki ilikuwa ikivunjika taratibu kati ya vidole vyake, na mimi hapo nyuma nikaanza kuelewa. Watu wa simu hawakuwa na haraka. Na huyu mtoto alijua hivyo, ila hakuweza kutamka neno kwa namna nyingine mbele ya yaya na mbele ya watu, kwa maana ingekuwa kama kunisahihisha hadharani. Alikuwa tayari kuiacha kazi ipite.

Nilijikwamua kwenye dawati, jambo lililochukua muda na kuwachekesha watoto.

"Direkta," nikasema, "naomba nitoke. Minye ndiye nimemfundisha hiyo. Ingine, ile ya kweli, anaijua, lakini hataisema nikiwa ndani."

Direkta alinitazama, akamtazama yeye, akaelekeza mkono mlangoni kwa heshima zote. Nilikwenda kusimama chini ya dirisha. Kisha nikamsikia mdogo wangu akizungumza, na sikuelewa hata neno moja, jambo lililonipa matumaini makubwa. Yalikuwa mafupi, mepesi, yaleyale ya maofisini. Watoto waliitikia, wakionekana kusikitika kidogo.

Alipotoka, tulitembea hadi kwenye mto. Nikamuuliza alijua tangu lini.

"Tangu mwaka wa kwanza, yaya."

"Na ukanyamaza miaka yote?"

"Weye ungeacha kunisomea," alisema. "Na minye ningeandika kama wengine."

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Nilimuuliza tu direkta amesemaje, maana alikuwa anatembea kama mtu anayebeba yai mdomoni. Akasema ameipata kazi, anaanza Jumatatu. Ila direkta ameweka sharti moja: siku anazofundisha, yaya asiingie darasani.

Nilikubali pale pale, kwa niaba ya wote.