Video Ilipoacha Kukwama

Leo kompyuta yangu kuukuu imepona, na mimi nimelia mbele ya mkwe wangu.

Kila anayekuja kunijulia hali hapa Usagara nimemlalamikia kwamba video ya harusi ya binti yetu inakwama mtandaoni.
Ilikwama pale pale kila mara: marehemu mke wangu yuko jikoni Tongoni, mwiko mkononi, anafungua mdomo. Kisha kaduara kanazunguka.

Sina siku nyingi, kwa hiyo naungama. Sikutaka itengenezwe.
Harusi ile niliisusia kwa kiburi, kwa kuwa bwana harusi sikumchagua mimi. Niliogopa kusikia mke wangu alinisema nini mbele za watu.

Leo Mwanaidi, mke wa mwanangu, hakuniuliza. Alifunga kurasa nilizoacha wazi tangu mwaka jana, akashusha ubora wa picha, akachomeka waya wa intaneti.

"Baba, mashine haina ugonjwa. Umeibebesha mzigo tu."
"Iache, mwanangu."
"Niiache vipi, na inakwenda?"

Ikaenda. Mke wangu, aliyezoea kuniita Mwalimu, akawageukia wapishi:
"Ukoko wa pilau msiumalize. Mwekeeni Mwalimu, atakuja."

Sikwenda.
Jioni ile alirudi na ukoko kwenye bakuli, nikamwambia sina njaa.

Nimeirudia video mara saba. Haikwami tena, na sasa natamani ikwame hapo kwenye "atakuja".

Niambieni, kwenu ukoko anawekewa nani?
Kama yu hai, kaleni naye leo.